Mjomba anasema chuo ni kupoteza muda, mama ameshakopa ada

Shikamoo Anti,

Mimi ni kijana wa miaka 23, naishi Buguruni. Kidato cha nne nilipata D nne: Kiswahili, Kiingereza, Uraia na Fizikia. Hesabu nilipata F. Nyumbani hapakuwa na hela ya kurisiti, basi mama akanipeleka kwa mjomba, kaka yake, mwenye gereji hapahapa Buguruni. Siyo gereji ya ukuta na geti, ni zile za chini ya mwembe ambazo watu wanaziita gereji bubu. Mwaka wa nne huu nipo naye.

Kazi naijua, Anti, siringi. Kushusha injini, klachi, bushi, boljointi, kufungua silinda hedi na kuipeleka Gerezani kusagwa, hayo yote nafanya mwenyewe, mjomba amekaa anaongea na wateja. Kwa siku ananipa elfu tano ya kula, siku ikiwa mbaya elfu mbili. Mshahara hatujawahi kuuzungumzia. Kila mtu ananiita dogo, hata wateja wenye umri wangu.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Ililetwa Toyota IST inamisi (injini inakosakosa) ikiwa imesimama, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Tukabadili plagi zote nne. Ikapona siku mbili, ikarudi. Tukabadili koili. Ikarudi. Mjomba akamwita jamaa mwenye mashine ya kusoma gari, mashine ikaandika namba ya hitilafu, P0171, jamaa akasema ni sensa ya oksijeni. Tukabadili sensa. Mteja akawa ameshatoa kama laki tatu na nusu, na gari bado linamisi. Akakasirika, akaniambia panda twende. Tukaenda gereji nyingine. Pale alikuwepo dada mmoja, mwanafunzi wa chuo yuko fildi, yaani mafunzo ya vitendo, mdogo kuliko mimi. Akachomeka mashine, akaangalia namba huku anakanyaga mafuta na kuachia, halafu akazima ile mashine na kuanza kunyunyiza dawa kidogokidogo nyuma ya manifodi, ile mirija inayopeleka hewa kwenye silinda. Injini ikabadilika mlio. Kijimpira cha hewa kilikuwa kimepasuka kwa chini. Elfu kumi na tano, gari likatulia. Mteja aliniangalia tu, hakusema neno.

Nikamwambia mjomba nataka kwenda chuo. Akasema, "Chuo gani kitakufundisha injini kuliko mimi? Hao wa vyeti wanakuja hapa hawajui hata kulegeza nati. Ukiondoka, usirudi." Mama yeye ameshachukua milioni moja na laki mbili kwenye kikoba. Rafiki yangu amenipeleka chuo kimoja cha binafsi, wanasema stashahada ya ufundi magari ni miezi sita kwa milioni moja na nusu, na ukimaliza wanakuunganisha na kazi Dubai. Wanataka laki tano kabla ya mwisho wa mwezi ili nafasi isipotee. Wengine wananiambia VETA (vyuo vya serikali vya ufundi stadi), wengine NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji), wengine wanasema eti kuna urasimishaji, unapewa cheti bila kusoma. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nifanyeje, Anti, na mjomba nimwambieje?

Dogo wa Spana, Buguruni

* * *

Marahaba, mwanangu.

Mwisho wa mwezi unakaribia, kwa hiyo tuanze na hela. Hiyo laki tano usiitoe. Hakuna stashahada ya miezi sita Tanzania hii. Ngazi za elimu ya ufundi zinasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, na aliyetoka kidato cha nne anaanza ngazi ya nne, anapanda ya tano, anafika ya sita ambayo ndiyo stashahada. Kila ngazi inakula karibu mwaka. Anayekuuzia miaka mitatu kwa miezi sita anakuuzia karatasi, na hiyo karatasi ukiipeleka kwa mwajiri anayejua kusoma utarudi nayo mkononi. Habari ya Dubai sitaki hata kuigusa. Chuo chenye mafundi wazuri kingeanza kuwaunganisha na kazi za Barabara ya Pugu kabla ya kuvuka bahari. Ukitaka kuwa na hakika, waombe namba yao ya usajili, uithibitishe NACTVET wenyewe. Wakianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu. Na ile ya "nafasi itapotea" ni lugha ya wapiga debe wa daladala, gari liko tupu lakini kila abiria anaambiwa limebaki siti moja.

Sasa twende kwa mjomba. Nusu ya aliyoyasema ni kweli, na ni vizuri uikubali nusu hiyo kabla hujabishana naye. Wapo vijana wanaotoka chuoni na cheti safi, ukiwapa nati iliyoshika kutu wanaivunja. Mkono haufundishwi ubaoni. Miaka minne ya kulala chini ya gari kwenye vumbi la Buguruni ina thamani, na utaona muda si mrefu kwamba hata serikali inaitambua. Mjomba amekupa kitu ambacho wenzako wa chuo wanakililia wakienda fildi. Elfu tano ya kula ni habari nyingine, nitaifikia.

Nusu ambayo hayuko sahihi umeiona kwa macho yako, ndiyo maana umeandika. Nikwambie yule dada alifanya nini, kwa sababu naona umeelewa matokeo lakini hujaelewa njia.

P0171 haisemi "badili sensa ya oksijeni". Inasema kompyuta ya gari imeona mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Basi. Injini ya petroli inataka hewa kilo 14.7 hivi kwa kila kilo moja ya mafuta. Karibu na chujio la hewa kuna sensa inayopima hewa inayoingia, na kompyuta inamwaga mafuta kulingana na kipimo hicho. Mpira ukipasuka mbele ya hapo, upande wa manifodi, injini inavuta hewa ambayo haikupimwa. Mafuta yanakuwa machache kwa hewa hiyo. Sensa ya oksijeni, kule kwenye bomba la moshi, inaona upungufu na kutoa taarifa. Kompyuta inaongeza mafuta, inaongeza tena, ikifika kikomo chake inawasha taa. Kwa maneno mengine, mlimfukuza shahidi aliyesema kweli, na mwizi mkamwacha ndani.

Zile namba alizokuwa akiziangalia huku anakanyaga na kuachia ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Gari likiwa limesimama na namba inaonyesha inaongeza asilimia 20 au zaidi, kisha ukikanyaga inashuka kurudi karibu na sifuri, dalili inaelekea kwenye hewa inayopenya baada ya kipepeo cha hewa, kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Injini inaponguruma taratibu, hewa inayohitajika ni kidogo, kwa hiyo tundu dogo linaonekana kubwa. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi inamezwa. Kama namba ingebaki juu hata akikanyaga, angewaza pampu ya mafuta, chujio la mafuta au nozeli zilizoziba, na asingegusa ile dawa, ambayo ikivutwa kupitia tundu huungua kama mafuta na mlio ukabadilika. (Nawe usiende kuinyunyiza kesho kwenye injini ya moto bila kizima moto pembeni. Inashika moto upesi.)

Mkono wako na wa yule dada havipishani sana, pengine wako ni mzuri zaidi. Yeye alipima kabla ya kununua. Nyinyi mlinunua ili mpime, tena kwa hela ya mteja. Hicho ndicho unachokwenda kukitafuta chuoni, na mjomba hana cha kukupa kwa upande huo, si kwa sababu ni fundi mbaya, ila magari aliyojifunzia hayakuwa na kompyuta. Mimi mwenyewe ni mteja wa gereji za chini ya mwembe na sina mpango wa kuacha, lakini taa ya injini ikiwaka naingiwa na baridi, kwa sababu najua wallet yangu ndiyo itakayokuwa mashine ya kupimia.

Na halafu, umemtaja kuwa ni "dada" na kuwa ni "mdogo kuliko mimi". Nimeisikia aibu ilikokuwa imekaa. Iache. Karakana za vyuo siku hizi zina wasichana, na ukiingia na fikra hiyo utajinyima walimu wazuri.

Njia yenyewe sasa. Ulichoambiwa kuhusu urasimishaji kina ukweli ndani yake ingawa kimepindishwa. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunzia kazini anajiandikisha, anaulizwa maswali, anashikishwa kazi mbele ya watathmini, na akifaulu anapewa cheti kinacholingana na kiwango chake. Kwa hiyo hupewi cheti bila kujua, unapewa bila kurudishwa darasani kufundishwa spana namba 12 ni ipi. Zipo awamu ambazo serikali hugharamia, kwa hiyo ukienda VETA Chang'ombe, ambayo kutoka kwenu Buguruni si mbali, swali lako la kwanza liwe: awamu ijayo ni lini na nani analipa? Kwa miaka yako minne, hapa ndipo pa kuanzia. Ukiingia kozi ya ufundi magari tangu mwanzo, mwaka mzima utafundishwa mambo ambayo unamfundisha saidia fundi mpya pale gereji.

Lakini cheti hicho kitatambua unachokijua, hakitakuongezea. Ukiishia hapo, IST nyingine ikija utaaibika vilevile, ila safari hii ukiwa na cheti ukutani. Ndiyo maana hatua ya pili naiona ni muhimu kuliko ya kwanza: soma umeme wa magari. Si ufundi magari, umeme wa magari. Huko ndiko kuna sensa, nyaya, kompyuta, chaji, airbag, na ndiko mafundi wengi wa Dar wanapokwama na kuanza kubadili spea kwa kubahatisha. Uliza kozi fupi kwanza, hasa za jioni, kwa sababu mchana unaweza kuendelea na kazi. Ukiona kozi fupi haitoshi, omba ile ndefu. Zile ndefu huanza Januari na fomu hutoka miezi kadhaa kabla, kwa hiyo usingoje Desemba. Ada ya kozi ndefu VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, ukiacha michango, sare na vifaa. Ilinganishe na ile milioni moja na nusu halafu niambie nani anakupenda.

Pia uliza kuhusu uanagenzi pacha, ambapo mwanafunzi anagawana muda kati ya chuo na kampuni. Sidhani kama gereji ya mjomba itakubaliwa kuwa upande wa kampuni, ila wewe mwenye mikono unaweza kupata nafasi kwenye karakana kubwa. Na Chang'ombe pakijaa, kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, vile vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya watu wazima ambao shule iliwaacha njiani. Dar imezungukwa navyo viwili, Kibaha na Kisarawe. Piga simu uulize fani walizonazo mwaka huu kabla hujapoteza nauli.

NIT pale Mabibo na DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) pale mjini ni vyuo vizuri, lakini vinafundisha uhandisi, na uhandisi unasimama kwenye Hesabu. F yako itakusumbua mlangoni. Ikiwa moyo wako uko huko, jiandikishe mtahiniwa wa kujitegemea, urisiti Hesabu, na uanze sasa kutafuta mwalimu wa jioni. Ni mpango wa miaka, na hauzuii mingine. Usiuchanganye na njaa yako ya leo.

Kiingereza. Mchoro wa nyaya wa Toyota hauna sentensi hata moja. Una mistari, na kila mstari una herufi ya rangi: B nyeusi, W nyeupe, R nyekundu, G kijani, Y njano, L ni buluu kwa sababu B imeshachukuliwa. Mstari wa rangi mbili unaandikwa kwa herufi mbili. Ulipata D ya Fizikia, huwezi kushindwa hapo. Vitabu vya mwongozo vina maneno mengi, ila yanajirudia, na walimu wengi wanaeleza kwa Kiswahili hata kama ubaoni wameandika kingine. Kaa mbele, uliza, usione haya.

Hela ya kikoba. Mwambie mama arudishe sehemu kubwa mapema iwezekanavyo, kabla riba haijaanza kuwa mzigo wa pili. Bakisha ya kujiandikisha, nauli, overoli na buti, halafu nunua multimita (kipimio cha umeme) nzuri ya kuanzia na kile kisomeo kidogo cha OBD, kinachosoma kompyuta ya gari na kuzungumza na simu. Vyote viwili havifiki robo ya hela hiyo. Kisha anza kupima kila gari linaloingia, hata lililokuja kubadili pedi tu, ilimradi mwenyewe ameridhia. Betri nzima yenye chaji, injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, inatoa karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, chaji iwe kati ya 13.5 na 14.5. Weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bati la injini wakati mwenzako anapiga stata. Ukiona volti inapanda hadi nusu au zaidi, waya wa ethi, unaounganisha hasi ya betri na injini, una kutu au umelegea, na hapo umemwokoa mtu asinunue stata mpya. Andika kwenye daftari gari, dalili, kipimo na kilichokuja kuponya. Daftari hilo utaliweka mezani siku ya utathmini.

Tumebaki na mjomba. Usiende peke yako. Yeye ni mjomba, aliyekupokea ni mjomba, na anayeweza kumkalisha chini ni dada yake, yaani mama yako. Nendeni jioni nyumbani kwake, si gereji mbele ya wateja na wapiga soga. Mama aanze kwa shukrani, halafu wewe useme. Na usiseme "nataka kuondoka", maana huondoki. Sema kuna magari mnayakataa na hela inakwenda kwingine. Unayajua: injini za D4, zinazomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambazo mafundi wanazikimbia, giaboksi za CVT (otomatiki zisizo na gia za hatua) zinazouawa na mtu aliyetia oili ya giaboksi ya kawaida, Prius, gari la petroli na umeme, yenye betri ya volti zaidi ya 200 na nyaya za rangi ya machungwa ambazo mtu asiyefunzwa hapaswi kuzigusa kabisa. Kuna na magari ya gesi asilia, yanaongezeka mjini kila kukicha. Mtungi uliojaa unabeba presha ya bar 200, wakati tairi la gari dogo ni bar mbili na kidogo. DIT wana karakana ya kubadili magari kwenda gesi. Hiyo si kazi ya kujifunzia chini ya mwembe, na fundi aliyeisomea rasmi ndiye atakayeipata. Mwambie mjomba unataka gereji yake iwe na mtu wa hayo, na mtu huyo ni wa damu yake.

Atauliza nani atashika spana ukiwa darasani. Uwe na jibu: kozi ni jioni, au yule saidia fundi mpya utakuwa umeshamfundisha kazi tatu au nne kabla hujaanza. Nadhani hasira yake ilitokea hapo. Gereji inaendeshwa na mikono yako, naye anajua.

Hapohapo ndipo pa kuleta habari ya elfu tano, lakini si siku hiyo. Subiri urudi na cheti cha urasimishaji, kisha mama akiwepo tena, omba mgawanyo kwa kazi: fedha ya ufundi ya kila gari ulilotengeneza mwenyewe, sehemu fulani iwe yako, iandikwe. Fundi mwenye cheti wa miaka minne si dogo wa kula tu. Akikataa na hilo, mwanangu, mshukuru kwa heshima zote na uanze kutafuta karakana nyingine, mlango wa ujomba ukiwa haujafungwa kwa matusi.

Mwisho, chuo chochote utakachokiendea, kabla hujalipa hata shilingi omba kuingizwa karakana saa za masomo. Angalia kama injini zinawaka au zimepakwa rangi za maonyesho tu. Hesabu wanafunzi wangapi wamezunguka injini moja. Tafuta mashine ya kupima na umwombe mwanafunzi, si mwalimu, akuonyeshe inavyotumika. Akijua, jiandikishe. Akikwambia mashine inafungiwa ofisini kwa mkuu wa chuo, aga vizuri, panda daladala, nenda kaangalie kingine.

Anti